Kutoka Nembo ya Kifalme hadi Mwendesha Baiskeli: Mabadiliko ya Majalada ya Ramani za Uingereza na Funzo Lake kwa Hifadhi za Nyaraka

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi majalada ya ramani zilizochapishwa Uingereza yalivyobadilika tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kwa nini yalibadilika. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Ordnance Survey, taasisi ya serikali inayohusika na upimaji na uchoraji wa ramani, na michache kutoka kampuni ya Bartholomew ya Edinburgh. Hoja kuu ni kwamba historia hii haielezeki kwa kukua kwa ladha ya sanaa peke yake. Mambo matatu yaliiongoza: namna ramani ilivyokunjwa na kubebwa, aina ya mnunuzi aliyelengwa, na masharti ya fedha na utawala yaliyoibana taasisi iliyochapisha. Makala yanamalizia kwa kulinganisha majalada hayo na ramani za Afrika Mashariki zilizotolewa na dola hiyohiyo bila majalada, na kupendekeza hatua ambazo hifadhi za nyaraka na idara za upimaji za kanda yetu zinaweza kuchukua.

1.0 Utangulizi

Ramani imechunguzwa sana kama chombo cha elimu, cha vita na cha utawala. Jalada lake halijapata bahati hiyo. Mtafiti anapofungua ramani ya zamani, macho yake huenda moja kwa moja kwenye barabara, mito na mipaka, na jalada huonekana kuwa kifungashio tu, sawa na bahasha ya barua. Mtazamo huo umekuwa na matokeo. Maktaba nyingi zilipendelea kupokea na kutunza ramani kama karatasi bapa, kwa sababu karatasi bapa hukaa vizuri katika droo na haichaniki kwenye mikunjo. Kwa uamuzi huo wa kitaalamu, ambao una mantiki yake, jalada lilibaki nje ya mkusanyiko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushahidi juu ya majalada imehifadhiwa na wakusanyaji binafsi na wapenzi wa ramani, wakiwamo wanachama wa Charles Close Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya uchunguzi wa ramani za Ordnance Survey.

Swali la makala haya ni rahisi kuulizwa: jalada linatueleza nini ambacho ramani yenyewe haisemi? Jibu linalotolewa hapa ni kwamba ramani hueleza nchi ilivyo, ilhali jalada hueleza nani aliyefikiriwa kuwa na haja na haki ya kuitembea nchi hiyo.

2.0 Jalada kama kizingiti

Mhakiki Mfaransa Gérard Genette, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alivipa jina la vizingiti vitu vyote vinavyokizunguka kitabu: jina, jalada, dibaji, tabaruku na mfano wa hayo. Kizingiti si ndani wala si nje. Ni mahali ambapo mgeni anasimama na kuamua kuingia au kupita. Dhana hiyo inaifaa ramani iliyokunjwa kuliko hata inavyokifaa kitabu. Msomaji dukani huweza kufunua kurasa za kitabu na kukirudisha rafuni. Ramani ikishafunuliwa ni kazi kuikunja tena, na muuzaji hafurahii. Mnunuzi hulazimika kuamua kwa kutazama jalada.

Kwa sababu hiyo, jalada la ramani lina kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, hutambulisha: eneo gani, skeli gani, karatasi namba ngapi. Pili, huthibitisha: nani aliyeitoa ramani, na kwa mamlaka gani. Tatu, hualika: humwonyesha mtu sababu ya kuinunua. Mabadiliko yatakayoelezwa hapa chini ni historia ya kazi hizo tatu zikisukumana kugombea nafasi katika kipande kidogo cha karatasi ngumu.

3.0 Kabla ya mwaka 1914: karatasi, kitambaa na nembo

Ordnance Survey huhesabu mwanzo wake kutoka mwaka 1791, na asili yake ni ya kijeshi. Ramani yake ya kwanza, ya Kent, ilitolewa mwaka 1801 kwa skeli ya inchi moja kwa maili moja, yaani 1:63,360. Kwa muda mrefu ramani hizo ziliuzwa kama karatasi bapa. Aliyetaka kusafiri nayo aliinunua ikiwa imekatwa vipande vya mstatili na kubandikwa juu ya kitambaa cha kitani, kukiwa na mwanya mwembamba kati ya kipande na kipande ili ikunjike bila kuvunjika. Wafanyabiashara wa ramani waliongeza vifuko au majalada yao wenyewe. Katika hatua hiyo, kizingiti kilikuwa mali ya muuzaji, si ya taasisi.

Ordnance Survey ilipoanza kuuza ramani zilizokunjwa ndani ya majalada yake, kazi ya kuthibitisha ndiyo iliyotawala. Jalada lilibeba nembo ya kifalme, jina la eneo, skeli, na ramani ndogo iliyoonyesha mahali karatasi hiyo ilipo kati ya jirani zake. Lilikuwa na sura ya hati ya serikali, na kwa kweli lilikuwa hati ya serikali. Halikumsemesha mtu, lilimjulisha tu.

Wakati huohuo soko lilikuwa likibadilika. Baiskeli iliwatoa maelfu ya watu wa mijini kwenda mashambani, na chama cha waendesha baiskeli, Cyclists' Touring Club, kilichoanzishwa mwaka 1878, kilikuwa na wanachama waliohitaji ramani ya kubeba mfukoni. Kampuni ya Bartholomew iliutambua uhitaji huo mapema. Ramani zake za nusu inchi kwa maili zilitumia rangi za tabaka, ambapo kila kimo cha ardhi hupewa rangi yake, hivyo mwendesha baiskeli aliweza kuona mlima kabla hajaupanda. Tena kampuni hiyo iliomba wanachama wa chama hicho wairekebishie taarifa za barabara, na ikautangaza ushirikiano huo kwenye ramani zake. Zingatia tofauti: mamlaka ya ramani ya serikali ilitokana na mfalme, mamlaka ya ramani ya Bartholomew ilitokana pia na watu walioitumia.

4.0 Kamati ya mwaka 1914 na uamuzi wa Charles Close

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mauzo ya ramani za Ordnance Survey yaliitia methali hiyo mashakani. Ramani zilikuwa nzuri, pengine bora kuliko zote kwa usahihi, lakini hazikujiuza kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1914 kamati ya serikali chini ya uenyekiti wa Sydney Olivier ilichunguza uuzaji wa ramani za skeli ndogo, na miongoni mwa mambo iliyoyazingatia ni namna ramani zilivyofikishwa kwa mnunuzi na kuonekana machoni pake. Vita vilivyozuka mwaka huohuo vilichelewesha utekelezaji.

Vita vilipokwisha, Mkurugenzi Mkuu wa Ordnance Survey alikuwa bado Charles Close, aliyeshika wadhifa huo kuanzia mwaka 1911 hadi 1922. Jina hili lina uhusiano na kanda yetu. Mwaka 1898 Close alikuwa mjumbe wa Uingereza katika kazi ya kuweka mpaka kati ya himaya ya Uingereza na Afrika Mashariki ya Kijerumani, katika eneo lililopo baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mtu aliyesimamia mstari ambao hadi leo unaigawa Tanzania na majirani zake wa kusini magharibi ndiye aliyeamua, miongo miwili baadaye, kwamba ramani za nyumbani kwake zihitaji msanii.

Uamuzi huo ulikuwa wa kiuchumi kabla ya kuwa wa kisanaa. Jeshi lililokuwa mnunuzi mkubwa wakati wa vita lilikuwa likipunguzwa. Wananchi wa kawaida, wengi wao wakiwa wamejifunza kusoma ramani jeshini, walikuwa soko lililosubiri kuitwa. Mwaka 1919 Ordnance Survey ilimwajiri Ellis Martin, mchoraji wa matangazo ya biashara aliyewahi kuifanyia kazi kampuni ya W. H. Smith na aliyehudumu jeshini wakati wa vita. Kwamba taasisi ya upimaji ilimwajiri mtu wa matangazo kwa kazi ya kudumu ni jambo linalostahili kuzingatiwa na kila mtunga sera: serikali ilikiri kwamba taarifa sahihi isiyomfikia raia haijakamilika.

5.0 Ellis Martin na msomaji mpya, 1919 hadi 1940

Kazi ya Martin iliyojulikana zaidi ni jalada la ramani za inchi moja zilizoitwa Popular Edition, mfululizo wa karatasi 146 kwa England na Wales. Linamwonyesha mwendesha baiskeli aliyepumzika kilimani, ramani mkononi, na bonde likiwa limetandazwa chini yake. Nembo ya kifalme haikuondoka, lakini haikuwa tena mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa mtu asiye na jina, asiye na cheo, aliyekuwa akifanya kitu kilekile ambacho mnunuzi angekifanya Jumamosi inayofuata.

Picha hiyo ilifanya jambo ambalo maneno yasingelifanya kwa urahisi. Iliweka ramani ndani ya picha ya ramani, yaani ilimfundisha mnunuzi matumizi ya bidhaa kabla hajaifungua: keti, tazama karatasi, tazama nchi, linganisha. Ilikuwa tangazo na somo kwa pamoja.

Katika miaka ya 1930 jalada la toleo lililofuata lilimweka mtembeaji wa miguu mahali pa mwendesha baiskeli. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, ila yalifuata mkondo wa jamii. Chama cha hosteli za vijana cha England na Wales kilianzishwa mwaka 1930. Mwezi Aprili mwaka 1932 watembeaji waliingia kwa wingi katika ardhi ya Kinder Scout bila idhini ya wamiliki wake, wakidai haki ya kutembea milimani, na baadhi yao walifungwa. Kutembea mashambani kulikuwa kumegeuka suala la kisiasa. Jalada la ramani ya serikali halikuchukua upande katika mgogoro huo, lakini lilimtambua mtembeaji kuwa ndiye msomaji wake. Kwa kuwa ardhi ilikuwa na wenyewe, picha hiyo ilikuwa na uzito kuliko ilivyoonekana.

Martin, pamoja na mwenzake Arthur Palmer, walitengeneza pia majalada ya ramani za watalii kwa maeneo mashuhuri ya milima, mito na maziwa, kila moja likiwa na mandhari ya mahali husika. Ramani za historia zilipata majalada yake maalumu: O. G. S. Crawford, afisa wa akiolojia wa Ordnance Survey tangu mwaka 1920, alisimamia ramani ya Uingereza ya zama za Warumi iliyotoka mwaka 1924 na nyingine ya England ya karne ya 17 iliyotoka mwaka 1930. Hata kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Juni 1927 kulitolewa ramani yenye jalada lake. Kupatwa huko kulidumu kwa sekunde chache tu; ramani yake bado inatafutwa na wakusanyaji. Mifano hii inaonyesha kwamba kazi ya kualika ilikuwa imezishinda kazi nyingine mbili kwa muda.

Hata hivyo, tusiyasifu majalada haya bila kuyahoji. Nchi wanayoionyesha ni ya vilima, makanisa ya vijiji na barabara tulivu. Viwanda, machimbo na mitaa ya wafanyakazi vimo ndani ya ramani kwa usahihi wote, lakini juu ya jalada hupati. Mwanahistoria wa ramani J. B. Harley alitufundisha kusoma kimya cha ramani. Hapa kimya kiko kwenye jalada, na ramani yenyewe ndiyo inayosema ukweli kamili.

6.0 Kurudi kwa jalada tupu

Lau historia hii ingekuwa ya ladha kukua hatua kwa hatua, majalada ya baada ya Martin yangekuwa mazuri zaidi. Haikuwa hivyo. Martin alistaafu mwaka 1940. Mwishoni mwa mwaka huohuo ofisi za Ordnance Survey mjini Southampton ziliharibiwa vibaya na mabomu ya Ujerumani. Baada ya vita ramani za inchi moja zilirejea na majalada ya kawaida: rangi nyekundu, nembo, jina, namba na ramani ndogo ya jirani. Mfululizo wa saba, Seventh Series, ulioanza kutoka mwaka 1952, uliigawa Britania nzima katika karatasi 190 zilizofanana kwa nje.

Sababu mbili zinaelezea kurudi huko. Ya kwanza ni uhaba: karatasi, fedha na wafanyakazi vilikuwa vichache, na kazi ya kuijenga upya nchi ilihitaji ramani nyingi kwa haraka. Ya pili ni ya kiutawala. Kamati ya Davidson, iliyoanza kazi mwaka 1935 na kutoa taarifa yake ya mwisho mwaka 1938, ilikuwa imependekeza ramani zote zifungwe katika gridi moja ya taifa. Gridi huifanya kila karatasi kuwa sehemu ya mfumo mmoja. Katika mfumo wa namna hiyo, namba ya karatasi huwa muhimu kuliko mandhari yake, na jalada lenye sura moja huonekana kuwa fadhila badala ya upungufu. Jalada tupu la mwaka 1952 halikuwa dalili ya ukosefu wa ubunifu. Lilikuwa picha ya dola iliyojiona kama mpangaji.

7.0 Rangi kama jina

Mwaka 1974 skeli ya inchi moja ilianza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na 1:50,000, yenye karatasi 204, ambazo baadaye zilipewa jina la Landranger. Jalada lake la waridi iliyoiva lilionekana kutoka mbali. Ramani za skeli kubwa zaidi za maeneo ya mapumziko zilipewa njano, na mfululizo wa Explorer ulioanza mwaka 1994 ulipewa rangi ya chungwa. Mnunuzi hakuhitaji tena kusoma skeli. Aliomba ramani kwa rangi yake. Kazi ya kutambulisha ilikuwa imehamishwa kutoka kwenye herufi hadi kwenye wino.

Baadaye picha zilirejea, safari hii kwa kamera na si kwa brashi. Kuanzia mwaka 2015 jalada liliongezewa kazi ya nne: ndani yake mna namba ya siri inayomwezesha mnunuzi kupata nakala ya ramani hiyo katika simu yake. Kizingiti cha karatasi sasa kinafungua mlango wa kidijitali.

8.0 Ramani za Afrika Mashariki: karatasi zisizo na majalada

Dola hiyohiyo iliyomwalika mwendesha baiskeli wa Kent ilichora pia nchi zetu. Mwaka 1946 iliundwa idara ya upimaji wa makoloni, Directorate of Colonial Surveys, chini ya Martin Hotine, ambaye miaka ya mwanzo ya 1930 alikuwa amefanya kazi ya upimaji wa mstari wa longitudo ya 30 katika Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, idara hiyo ilitoa ramani za 1:50,000 za sehemu kubwa za Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwaka 1957 neno la ukoloni liliondolewa katika jina lake, na mwaka 1984 iliunganishwa na Ordnance Survey.

Karatasi hizo kwa kawaida zilisambazwa zikiwa bapa. Hazikuwa na jalada la picha kwa sababu hazikumlenga mtu wa kununua dukani. Wasomaji wake waliofikiriwa walikuwa maofisa, wahandisi, wanajiolojia na wapangaji. Mkulima ambaye shamba lake lilionekana humo hakuwa miongoni mwao. Kwa hiyo kutokuwapo kwa jalada nako ni taarifa ya kihistoria: kunatuonyesha nani hakualikwa.

Lakini ramani bapa nayo ina kizingiti chake, yaani pambizo. Jina la idara, namba ya toleo, mwaka wa picha za angani, faharasa ya karatasi jirani na ufafanuzi wa alama vyote viko pambizoni. Hapo ndipo tunapoweza kufuatilia mamlaka yakihama kutoka idara ya London kwenda idara za upimaji za mataifa huru. Ukiikata pambizo, umekata historia hiyo.

9.0 Athari kwa sera

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, hifadhi za nyaraka na maktaba za vyuo zihesabu jalada na pambizo kuwa sehemu ya ramani. Katalogi iwe na sehemu ya kuandika kama jalada lipo, lina picha gani, limechorwa na nani ikiwa anajulikana, na limeandikwa kwa lugha gani.

Pili, miradi ya kuhamishia ramani katika mfumo wa kidijitali isikate pambizo ili ramani ziunganike vizuri kwenye kompyuta, bila kubakiza nakala kamili. Nakala iliyokatwa ni nzuri kwa mhandisi. Nakala kamili ni ya lazima kwa mwanahistoria. Gharama ya kutunza zote mbili ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kurudia kazi, hasa karatasi yenyewe inapokuwa imeshachakaa.

Tatu, hali ya hakimiliki ibainishwe mapema. Nchini Uingereza hakimiliki ya serikali katika ramani zilizochapishwa hudumu miaka 50 tangu kuchapishwa, na ndiyo sababu majalada ya Martin yanaweza kuchapishwa upya leo katika vitabu na vifaa vya kufundishia. Katika nchi zetu kila idara itazame sheria yake na itangaze wazi ni ramani zipi zilizo huru, ili watafiti wasizuiwe na hofu isiyo na msingi.

Nne, idara za upimaji zinazochapisha ramani za umma zijiulize swali ambalo Ordnance Survey ililikabili mwaka 1919: raia yupi anaitwa na jalada hili? Ramani ya hifadhi ya wanyama yenye picha ya tembo na maandishi ya Kiingereza pekee imeshachagua msomaji wake. Jalada la Kiswahili, lenye picha ya mwalimu na wanafunzi, mwendesha bodaboda au bibi shamba, halibadilishi kontua hata moja ndani ya ramani. Linabadilisha idadi ya mikono itakayoifungua.

10.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba majalada ya ramani za Uingereza hayakusonga kwa mstari mnyoofu kutoka ubaya kwenda uzuri. Yalianza na nembo, yakamkaribisha mwendesha baiskeli na mtembeaji, yakarudi kwenye nembo wakati wa uhaba na mipango ya taifa, kisha yakaingia katika rangi, kamera na simu. Katika kila hatua, aliyebadilika zaidi hakuwa mchoraji bali msomaji aliyefikiriwa na taasisi. Huo ni ushahidi ambao ndani ya ramani hatuupati, nao hupotea kwa urahisi mno, kwa mkasi wa mtunzaji au kwa mpangilio wa mashine ya kunakili. Idara na hifadhi zetu bado zina karatasi nyingi ambazo hazijaguswa na kimojawapo. Uamuzi wa nini kitunzwe unafanyika sasa, na unafaa ufanywe kwa kujua thamani ya kinachoachwa.